Kadi Ikinyamaza Ugenini

Dirishani ni safu ya maswali ya wasomaji kuhusu fedha. Anayejibu alikaa miaka 22 nyuma ya kioo cha foreksi moja, duka la kubadilishia fedha za kigeni, katikati ya Kampala, kisha akastaafu macho yangali yanaona.

*

Mzee wa Dirishani, assalaam aleikum. Kijana wangu amepata nafasi ya kusomea udaktari Kazan, Urusi, kwa ufadhili wa serikali ya huko. Anaondoka mwezi ujao. Tumeuza ng'ombe, tukaongeza mkopo wa kikundi chetu cha akina mama, tukamwekea shilingi 4,000,000 kwenye akaunti yenye kadi ya Visa. Dada wa benki ametuhakikishia kwamba kadi hiyo inafanya kazi dunia nzima. Jirani yetu, ambaye mwanawe alisoma huko, anasema tukitegemea kadi mtoto atalala njaa. Nimwamini nani?
Mama wa mwanafunzi, Bombo

Waalaikumu salaam, mama. Mwamini jirani.

Yule dada wa benki sidhani alikudanganya kwa makusudi. Alikusomea karatasi, na karatasi za namna hiyo hazina habari na vita. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, Visa na Mastercard zilitangaza tarehe 5 Machi kwamba zinasitisha kazi Urusi. Kufikia tarehe 10 mwezi uleule, kadi yoyote iliyotolewa nje ya nchi ile ilikuwa haiitikiwi tena na mashine ya ATM wala duka la huko. Kadi ya kijana wako imetolewa Kampala, kwa hiyo imo humo.

Watu wengi hudhani kadi imebeba pesa, kama kibuyu kilichobeba maji. Kadi ni mjumbe tu. Ukiitia kwenye mashine ya Kazan, mashine humuuliza benki wake, benki huyo humuuliza Visa, Visa huiuliza benki yako ya Kampala kama una kitu, halafu jibu hurudi kwa njia ileile. Akikosekana mmoja kati ya hao, unaweza kuwa na bilioni Kampala na usipate hata ya mkate. Kwa Urusi aliyetoka kwenye mstari ni yule wa katikati. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu fimbo yangu mwenyewe iliwahi kubaki mbali. Mwaka 2012 nilikwenda Khartoum kwenye harusi ya mpwa wangu. Mimi, mtu wa foreksi, niliyekuwa nawashauri wasafiri kila siku, nilipanda ndege na kadi moja na dola 90 mfukoni. Sudan wakati ule ilikuwa chini ya vikwazo vya Marekani tangu 1997 (vya biashara viliondolewa 2017), na kampuni za kadi ni za Kimarekani. Nilijua habari za vikwazo. Nilizisoma gazetini kama mtu anayesoma habari za mvua ya nchi nyingine. Mashine ya kwanza iliikataa kadi, ya pili ikaikataa, na kijana wa mapokezi pale hotelini akacheka mpaka akaniletea chai. Siku ya harusi bwana harusi mwenyewe alinivuta pembeni akanikopesha. Nilikwenda kutunza, nikarudi nimetunzwa. Shemeji zangu wa Bombo wanalikumbuka mpaka leo, huenda hata wewe umeshalisikia.

Sasa tufanye hesabu ya kijana. Shilingi 4,000,000 kwa bei za siku hizi ni kama dola 1,100 hivi. Zitoe nyingi kati ya hizo, nunua dola, aondoke nazo mkononi. Sheria yetu ya 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha inamtaka msafiri aandikishe kwa watu wa mapato mpakani au Entebbe akibeba kuanzia shilingi 30,000,000 au thamani yake. Kwa upande wa Urusi, anayeingia na zaidi ya dola 10,000 ndiye anayejaza fomu ya forodha. Mwanao yuko chini ya mistari yote miwili, asitetemeke akiulizwa. Atunze tu risiti ya foreksi, ionekane pesa imetoka wapi.

Kuhusu noti zenyewe nina neno la kuungama. Kila foreksi ina droo ya pili: noti zilizochakaa, zenye doa la wino, zilizopigwa mhuri mdogo pembeni, au zile za zamani zenye picha ya kichwa kidogo. Mteja mwenye haraka, teksi inamngoja nje, ndiye tuliyekuwa tunamchanganyia. Msinihukumu, na mimi nilikuwa na bosi. Basi nenda siku tatu kabla ya safari, asubuhi, na useme wazi: nataka mia mia za rangi ya buluu. Hizo ndizo zilizoanza kutumika Oktoba 2013, zina utepe wa buluu katikati. Zikague moja moja mbele ya mhudumu. Yenye mstari wa kalamu mrudishie, yenye mkunjo uliokatika mrudishie, akikunja uso mwache akunje. Noti ambayo Kampala inapunguziwa bei, huko ugenini inaweza kukataliwa kabisa, na Kazan hakuna mtu wa Bombo wa kumlilia.

Asizibebe mahali pamoja. Nyingi zikae kwenye mkanda wa ndani ya nguo, kiasi kwenye mkoba anaoingia nao ndani ya ndege, na dola 50 au 100 kwenye pochi ya kawaida, ile ambayo mwizi ataiona. Begi linalokwenda tumboni mwa ndege lisiwe na hata senti.

Na kadi? Aende nayo, asiitupe. Kutoka Entebbe hakuna ndege ya moja kwa moja, atapitia Istanbul, Dubai, Doha au Addis Ababa, na huko kadi yake bado inaongea. Ndege ikichelewa akalala njiani, kadi itamlipia chakula. Mwambieni tu kwamba pale ndipo mahali pa mwisho. Kama amesahau kitu cha lazima, akinunue kabla ya kupanda ndege ya pili.

Akifika, asibadilishe dola zote uwanjani. Abadilishe za siku moja, zinazobaki azipeleke ndani ya benki. Urusi haina vibanda vya foreksi kama vyetu vya Kampala. Kazi hiyo ni ya benki, na anayemwita kijana kando ya barabara kumpa bei nzuri zaidi anataka kumwibia au kumpa noti bandia. Ingekuwa vizuri awe na rubli chache za usiku wa kwanza, ila Kampala kuzipata ni kazi.

Kinachofuata ndicho wazazi wengi hawakijui. Kijana atafute akaunti ya benki ya hukohuko mapema. Warusi wana mtandao wao wa kadi, unaitwa Mir, waliouanzisha 2015 baada ya kuonja vikwazo vya mwaka uliotangulia kwa ajili ya Crimea. Kadi hiyo ndiyo atakayolipia basi, chakula na bweni, na ndiyo ruzuku yake ndogo ya ufadhili itakamoingia. Benki itamtaka pasipoti, tafsiri ya pasipoti kwa Kirusi iliyothibitishwa, usajili wa makazi ambao hufanywa ndani ya siku 7 za kazi kupitia chuo, na kadi ya uhamiaji, kile kikaratasi anachopewa akigongewa mhuri mpakani. Kikaratasi kile ni chepesi kama risiti ya supamaketi, na vijana hukitupa kama risiti ya supamaketi. Akibane ndani ya pasipoti.

Halafu mkalishe chini umwambie hili kwa sauti ya mama: kadi yake ya Mir asimpe mtu. Atatokea mtu mpole, pengine Mwafrika mwenzake, aseme, nipitishie pesa kwenye akaunti yako nikupe asilimia. Pesa hizo mara nyingi ni za watu waliotapeliwa. Tangu 2025 sheria ya Urusi inalihesabu jambo la kukodisha au kuuza kadi yako ya benki kwa ajili ya mchezo huo kuwa jinai. Utapoteza daktari kwa ajili ya asilimia tano.

Kumtumia pesa baadaye ndiko kugumu, na hapa sina dawa ya kukupa moyo. Western Union iliacha kazi Urusi Machi 2022. Benki saba kubwa za huko ziliondolewa mwezi huohuo kwenye SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumia kupeana taarifa za malipo, na Sberbank ikafuata Juni. Benki nyingine bado zinapokea, lakini pesa ya kutoka Kampala kwa kawaida hupita kwa benki ya kati huko Ulaya au Marekani, na huyo wa kati akiona neno Urusi anaweza kuirudisha baada ya wiki kadhaa, ada ikiwa imeshakatwa. Kijana aiulize benki yake mpya, kwa maandishi, kama inapokea kutoka Uganda na kwa sarafu gani. Jibu likija, tumeni kwanza kiasi kidogo ambacho kikipotea njiani hamtalia.

Zipo njia za mkato. Mtu Kampala atakuambia, nipe shilingi hapa, ndugu yangu atampa mwanao rubli kule. Wengine watataja sarafu za kidijitali. Kumbuka kwamba Aprili 2022 Benki Kuu yetu ilizikataza kampuni za malipo zilizo na leseni kubadilisha sarafu hizo kuwa pesa ya simu, kwa hiyo mambo yakiharibika hutakuwa na pa kushitaki. Mimi ningempa pesa za muhula mzima kuanzia sasa, na muhula unaofuata ningemkabidhi mwanafunzi mwenzake anayerudi kutoka likizo, anayejulikana kwao na kwa imamu wao au padre wao.

Tena, kinacholipika Kampala kilipwe Kampala. Tiketi ya kurudi likizo inunue hapa kwa shilingi. Laini yake ya Uganda iendelee kuwekewa vocha, maana namba za siri za benki huja kwenye laini hiyo, na laini iliyolala muda mrefu hufungwa akapewa mtu mwingine. Kwa hiyo usitoe milioni nne zote hadi senti ya mwisho. Acha kidogo kwenye akaunti, hicho hakitamlisha Kazan, lakini kitamrudisha nyumbani.

*

Mzee, habari za kazi. Nauza viatu Kikuubo. Nataka kwenda Guangzhou mwenyewe badala ya kuagiza kwa watu. Wenzangu wanasema China hawapokei tena pesa mkononi, kila kitu ni simu. Nifanyeje?
Mwenye duka, Kampala

Ndugu yangu, wenzako wamezidisha chumvi. Yuan za karatasi bado ni pesa halali. Tatizo ni kwamba mwenye mgahawa hana chenji, na atakuangalia kama umemletea mayai ya kanga kulipia.

Pakua Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia za Kichina, ukiwa bado Kampala. Sisemi ukiwa uwanjani, nasema ukiwa nyumbani, wiki nzima kabla. Programu itataka pasipoti, na itatuma namba ya siri kwenye laini yako ya Uganda. Tangu Julai 2023 unaweza kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya kigeni. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada. Yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3. Mwaka 2024 walipandisha kiwango kikawa dola 5,000 kwa malipo moja na dola 50,000 kwa mwaka. Hicho ni kiwango chao. Kadi yako nayo ina kikomo chake cha siku kilichowekwa na benki yako hapa, na mara nyingi hicho ndicho kitakachokuumiza, basi nenda uombe kipandishwe.

Kuna mtego mmoja. Kadi ya kigeni hulipa duka, mara nyingi hailipi mtu binafsi. Mwenye kibanda sokoni akikupa msimbo wake binafsi wa QR uupige kwa kamera ya simu, malipo huenda yakagoma, na yeye atadhani huna pesa. Mwombe msimbo wa biashara au mlipe noti. Mzigo wenyewe, zile jozi mia nne za viatu, usiulipe kwa programu. Tuma benki kwa benki, kwa jina la kampuni lililo kwenye ankara, na akikuambia tumia akaunti ya shemeji yake, chukua mkoba wako uondoke.

Barua pepe yako kama ni ya Gmail haitafunguka kwa intaneti ya kule, na WhatsApp vilevile. Benki yako ikiwa inatuma namba za siri kwa barua pepe, bado hujaondoka na tayari umekwama. Waombe watume kwa ujumbe wa simu, na laini yako ifunguliwe kutumika nje. Taslimu unaweza kuingia nayo hadi dola 5,000, na yuan hadi 20,000, bila kujaza fomu.

*

Mzee, mimi ni dereva wa lori, napeleka saruji Juba. Bosi hunitumia posho ya njia kwa simu. Nikivuka mpaka pesa ipo kwenye simu lakini haitoki. Mwezi uliopita nimelala siku mbili bila kula.
Dereva, Elegu

Pole, dereva. Posho ya njia ikikwama, hata posho ya kula, ile ya unga, huipati.

Bosi wako amekaa ofisini anaona ujumbe wa “umetuma” na roho yake imetulia. Mwambie atume siku moja kabla, utoe yote Elegu kabla ya kugonga mhuri. Utakatwa ada ya wakala na ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutolea pesa. Bosi aziongeze juu, ni gharama ya safari kama dizeli. Nimule pale mpakani shilingi yetu bado inapokewa. Mbele ya hapo, kilomita 192 za lami hadi Juba, shika dola za noti ndogo ndogo, safi, na paundi za kukutosha siku mbili tu. Paundi ya kule hushuka thamani, ukiilaza mfukoni wiki nzima utaamka na karatasi.

Wala usiweke pesa chini ya kiti cha lori. Kila mtu anajua kwamba pesa ya dereva ipo chini ya kiti.

*

Mzee shikamoo. Nimemaliza masomo Urusi, nimerudi nyumbani na rubli 18,000. Foreksi nne za Kampala wamezikataa, wa mwisho akaniuliza kama ni tiketi za basi. Nizifanyeje?
Daktari mpya, Mbale

Marahaba, daktari, na hongera. Usiwalaumu. Kwa mtu wa foreksi noti ni bidhaa kama nyanya. Asiye na wa kumuuzia haichukui, na nyanya zako hakuna anayezipikia hapa. Ukienda nazo Dubai foreksi za huko watazichukua, lakini kwenda Dubai kuuza rubli 18,000 ni kuchoma nyumba upate majivu.

Lakini kuna mama pale juu, Bombo, mwanawe anaondoka mwezi ujao na hana hata rubli moja ya teksi ya usiku wa kwanza. Safu hii haitoi namba za watu. Leta bahasha ofisini kwetu pamoja na barua, tutamwita aje mkutane hapa mbele ya mhariri, mpatane kwa bei ya benki ya siku hiyo. Ukimkuta kijana mwenyewe, mwonyeshe kadi ya uhamiaji inafananaje. Na usiweke faida, daktari. Wale wameuza ng'ombe.